Mpira Usimguse Kulwa

Ninyi walimu vijana mnaokuja kwangu hapa Shinyanga na filimbi mpya shingoni, mkitaka niwaambie nilivyofundisha timu za watoto miaka yote ile, huwa naona mnavyonitazama nikianza kujibu. Mnategemea niwape mbinu za ushindi. Mimi nawaambia muwe waoga. Mnacheka, mnamaliza chai yangu, mnaaga. Leo nimeamua kuandika, maana kwenye karatasi hamwezi kunikatiza.

Nilianza kazi nikiwa mwoga na nikastaafu nikiwa mwoga. Wenzangu waliofundisha hesabu walilala usingizi mzuri, kwa kuwa hesabu haivunji mtu mguu. Mimi siku ya mechi uji wangu wa shule waliunywa watoto. Nilikuwa nawahesabu watoto wakiingia uwanjani, nawahesabu wakitoka, kisha nasahau nimepata wangapi, naanza tena. Walinizoea, wakawa wanajipanga wenyewe mstari kabla sijafungua mdomo.

Nilifika shule ile mwanzoni mwa miaka ya sabini, binti kutoka Ushirombo aliyemaliza chuo juzi tu. Kijiji kilikuwa mwendo wa baiskeli kutoka Kolandoto, pamba kila upande na ng'ombe kila mahali, hata uwanjani. Mwalimu Mkuu alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akasema, "Wewe ni mrefu. Mpira wa pete ni wako." Usaili ukawa umekwisha. Pete yenyewe ilikuwa nondo iliyokunjwa na fundi wa majembe, imefungwa kwenye mti uliopinda, hivyo mfungaji alilazimika kujifunza kufunga kwa upande.

Mpira tulikuwa nao mmoja, wa ngozi, wenye kibofu ndani na kamba kama ya kiatu. Ukilowa unakuwa mzito, ukikauka unapasuka. Mtu akaniambia nipake mafuta. Nikapaka mafuta ya ng'ombe, nikausugua hadi ukang'aa, nikauacha barazani ukauke, nikaingia darasani nikijisifu. Nilipotoka, mbwa wawili wa jirani walikuwa wanagombania mali ya shule kwenye shamba la pamba. Tulicheza muhula mzima na mpira wenye alama za meno. Tangu hapo nikipaka mafuta nauweka ndani ya debe lenye mfuniko na kuning'iniza debe darini. Nanyi fanyeni hivyo, hata kama siku hizi mipira yenu ni ya plastiki. Mbwa hawajabadilika.

Mistari tulichora kwa majivu ya jikoni kwa sababu chokaa ilikuwa ya kusubiri. Na kabla ya zoezi lolote watoto walipanga mstari kutoka upande hadi upande, wakatembea wameinama, wakiokota mbigili. Hakuna aliyekuwa na viatu. Mtoto akichomwa mbigili leo, kesho anaogopa kukimbia, keshokutwa unamwita mvivu bila kujua ulichomfanyia.

Nilipewa wasichana wa darasa la tatu hadi la tano. Hiyo haiwi timu, jamani, hilo ni kundi la watoto. Yupo anayekimbia kuliko wote na yupo anayekimbilia maji. Mwenzangu wa shule ya jirani alikuwa anateua manahodha wawili, wanachagua wachezaji mmoja mmoja hadi wabaki wale wasiotakiwa na mtu. Nilijaribu mara moja. Nikamwona mtoto aliyebaki wa mwisho anavyotazama kidole chake cha mguu, nikasema basi, sirudii. Nikawa nawapanga kwa urefu na kuwagawa mimi mwenyewe.

Alikuwepo Kabula, mrefu kuliko wote, lakini mpira ukimjia anafumba macho na kukinga uso kwa mikono. Walimu wengine walimpigia kelele afumbue. Mimi nilimwambia, "Usidake. Upige kofi tu uanguke chini." Kupiga kofi hakukumtisha. Akapiga makofi wiki baada ya wiki, hadi siku moja akasahau akaudaka, akabaki ameushika anatushangaa sisi tuliokuwa tunashangilia. Mtoto anayeogopa mpeni kazi ndogo kuliko ile anayoiogopa. Kubwa itakuja yenyewe.

Sasa niwaambie uoga wangu ulivyopata jina.

Zahanati ya kijiji ilikuwa na muuguzi mmoja, Mama Ester, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Siku moja alipita uwanjani akatuona tunarushiana mpira, akasimama muda mrefu. Kisha akaniita pembeni.

"Mwalimu, hawa watoto umewapima bandama?"

Nikasema mimi ni mwalimu, sipimi mtu. Akamwita mtoto wa karibu, akamlaza chali kwenye majani, akamkunjisha magoti, akaweka vidole chini ya mbavu za kushoto. Akanishika mkono akauweka palepale. Palikuwa laini. Akamwita mwingine. Palikuwa laini pia. Wa tatu alikuwa Kulwa, na chini ya mkono wangu nikakuta kitu kigumu, kimeshuka karibu na kitovu. Juu yake kulikuwa na chale mpya zilizopakwa dawa nyeusi. Mganga wa kienyeji alishampitia.

"Malaria ya mara kwa mara ndiyo inavimbisha bandama hivi," Mama Ester alisema. "Ikipigwa na mpira inaweza kupasuka. Ikipasuka anavuja damu ndani, na kutoka hapa hadi hospitali ya Kolandoto hamtafika naye."

Alisema kwa sauti yake ile ndogo, akaondoka kwenda kwa wagonjwa wake. Mimi nikabaki na mkono ambao haukutaka kusahau.

Kulwa alikuwa pacha wa Doto, wote darasa la nne. Doto alikuwa mchezaji wangu bora. Alikuwa anaruka, anadaka, anatoa pasi kabla miguu haijagusa chini, na ungempa nafasi ya senta usingehitaji kumwambia kitu. Kulwa alikuwa mzito, anapumua kwa mdomo, na mpira ulimtoka mikononi kila mara. Lakini hakukosa zoezi hata moja. Akikosea alicheka kabla wenzake hawajamcheka.

Basi nikafanya jambo nililoliona la akili. Nikampa Doto jezi, Kulwa nikamwambia apumzike muhula huu. Kesho yake hakuja hata mmoja. Keshokutwa akaja mama yao, jembe begani.

"Mwadila, mwalimu," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," nikamwitikia kama binti kwa mama yake. "Shikamoo."

"Marahaba. Nimesikia Doto kapewa nguo na Kulwa kanyimwa."

Nikamweleza habari ya bandama. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Hayo ya bandama nayajua, mimi ndiye niliyempeleka akachanjwe. Ya mapacha wewe huyajui. Hawa ni mapacha. Ukimpa mmoja, mwingine ukamnyima, yule aliyenyimwa anachukia moyoni, na mmoja wao anaondoka duniani. Dada yangu alizaa mapacha. Watu walimpenda mmoja zaidi. Sasa hana hata mmoja."

Kwetu Ushirombo pia mapacha wanaheshimiwa, kwa hiyo sikucheka. Nilimwona mama yule anavyobana midomo. Aliogopa kama nilivyoogopa mimi, na mtoto tuliyemwogopea alikuwa mmoja.

"Mpeleke basi hospitali, Mama Kulwa," nikamwambia. "Atatibiwa kwa vidonge."

"Nikimpeleka Kulwa peke yake, Doto nitamwambia nini?"

Nikampa Kulwa jezi.

Vijana, hapo ndipo nilipokonda. Nilimweka Kulwa benchi akiwa amevaa jezi, nikadhani nimemaliza. Mechi ya kwanza Mama Kulwa alikuja kutazama. Alipoona Doto anacheza na Kulwa amekaa, akaingia uwanjani katikati ya mchezo, akamshika Doto mkono, akamtoa kama anayetoa mbuzi kwenye shamba la mtu. Mwamuzi akapuliza filimbi. Yeye akamwambia mwamuzi kwamba mtu mzima huamkiwa kwa shikamoo, si kwa filimbi, akaenda zake na wanawe wawili.

Nikamfuata nyumbani. Tulikaa tunamenya viazi vya michembe, vya kukatwa na kuanikwa juani, nikamuuliza anataka nini hasa, maana sikutaka kumwona Kulwa katikati ya watoto wanaorushiana ngozi nzito.

"Doto akirudi anatoka jasho," akasema. "Kulwa harudi na jasho. Mimi jioni nawashika vipaji vya uso, wote wawili. Nataka wawe sawa."

Jasho tu! Hilo niliweza. Kesho yake nikampa Kulwa kazi ya mstari. Mechi nzima alikuwa anakimbia nje ya majivu, akifuata mchezo, akirudisha mipira iliyotoka na kuwaambia wenzake nani yuko wazi. "Kabula! Kushoto, kushoto!" Mwamuzi hakukataza, watoto walikuwa wadogo na kila mzazi alikuwa anapiga kelele vilevile. Kulwa akawa anatoka jasho la kutosha. Mama yake akaridhika. Mimi nikawa nasimama kati yake na mpira kila ulipokuja upande wetu, nikipigwa mgongoni, nikipigwa kiunoni, na wanafunzi wakubwa wakanipa jina la Ukuta.

Tukaanza kushinda. Doto alikuwa ndani, Kulwa nje, na ilifika mahali Doto hakugeuka kutazama, alisikia sauti ya pacha wake na kutupa. Tukashinda kata. Tukaitwa kwenye mashindano ya tarafa.

Tulikwenda kwa lori la pamba, watoto wamekaa juu ya magunia wakiimba, mimi nimesimama nyuma nimeshika bomba nikiwahesabu. Mama Kulwa naye alipanda, na kibuyu cha maziwa. Mwalimu Mkuu alikaa mbele na dereva, amevaa suti ya Kaunda aliyoitunzia siku hiyo. Alishawaambia walimu wa shule nyingine kwamba ngao ya ushindi itakaa ofisini kwake.

Mechi ilipigwa mchana, jua la Shinyanga mnalijua. Kipindi cha kwanza tuliongoza. Macho yangu yote yalikuwa kwa Kulwa, kwa sababu uwanja ule ulikuwa mwembamba na watazamaji walimsukumia ndani ya mstari. Kila mpira uliporuka nilishika tumbo langu mwenyewe. Doto sikumtazama kabisa. Kwa nini nimtazame? Alikuwa mzima.

Kipindi cha pili kilipoanza tu, Kulwa akaacha kukimbia. Akanijia.

"Mwalimu, mtoe Doto."

"Rudi mstarini."

"Namwita hanisikii."

"Watu wanapiga kelele. Rudi, Kulwa."

Nilidhani amechoka kukaa nje. Nilidhani, Mungu anisamehe, ndiyo ile chuki ya moyoni ambayo mama yake alinionya. Lakini hakurudi. Akanishika kitenge akavuta.

"Mwalimu, sote tumetoka jasho. Doto hana."

Hapo nikamtazama Doto. Alikuwa amesimama mahali pake pa senta, mikono imekaa tayari, na wenzake wote wanang'aa kwa jasho. Uso wake ulikuwa mkavu. Mpira ukamjia, akaudaka kama kawaida, kisha akampa mtoto wa timu nyingine.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshafika kwangu. "Usimtoe! Tunaongoza! Mtoto ana nguvu kama ndama, mwache amalize."

Mama Kulwa alikuwa amesimama mwishoni mwa majivu na safari hii hakuingia. Alikuwa ananisubiri mimi. Nikaingia uwanjani bila kuomba ruhusa ya mwamuzi, nikamshika Doto kipaji cha uso. Niliondoa mkono haraka, kwa jinsi alivyokuwa anaunguza. Nilipomwinua alinitazama, akaniita kwa jina la bibi yake.

Tulifungwa, bila shaka. Sikuona. Dereva wa lori alikuwa mtu mwema, alibwaga magunia aliyokuwa ameshayapakia, akatupeleka Kolandoto, mimi na mama na mapacha wawili; wengine nikamwachia Mwalimu Mkuu. Njia nzima Mama Kulwa alimshika Doto mapajani na Kulwa akamshika miguu. Nilitaka kusali, nikawa nahesabu. Nilihesabu watoto wawili, nikarudia, wawili, nikarudia.

Pale hospitali walimpokea mara moja. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Muuguzi akaja na sindano, akamgeuza Doto, akamchoma. Doto hata hakulia, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Muuguzi alipokusanya vyombo vyake ili aondoke, Mama Kulwa akamzuia mlangoni.

"Na huyu," akasema, akimsukuma Kulwa mbele.

"Huyu haumwi, mama."

"Walikaa tumbo moja. Huyu kachomwa, na huyu achomwe."

Muuguzi akanitazama mimi, kama watu wanavyomtazama aliyekuja na mgonjwa na anaonekana amesoma. Nilifungua mdomo nimweleze mila za watu. Badala yake nikajisikia nasema, "Dada, mshike tumbo. Kushoto."

Akamlaza. Akamshika. Akaenda kumwita daktari. Daktari alimpima Kulwa kwa muda mrefu, akamtoa damu kidoleni, akasema huyu amekaa na malaria siku nyingi. Kulwa akachomwa sindano yake. Yeye alilia kwa wote wawili. Walipewa vitanda vinavyofuatana, na siku Doto alipoomba ugali ndipo mama yao alipokula na yeye. Walipotoka walipewa vidonge vya kumeza kila wiki masika yote, pakiti mbili zilizo sawasawa, na Mama Ester wa zahanati akasimamia. Vilikuwa vichungu vibaya sana. Doto alikunja uso, Kulwa akakunja uso, na hakuna aliyechukia moyoni.

Nimewaza jambo hili hadi uzee huu. Mimi na Mama Ester tulimwambia mama yule mara nyingi ampeleke Kulwa hospitali. Hakuna kati yetu aliyemwambia, "Wapeleke wote wawili." Angekwenda siku hiyohiyo, kwa miguu. Mzazi akikukatalia, vijana wangu, msikilize anakataa nini hasa. Na mchezaji wako hodari mtazame usoni kama unavyomtazama dhaifu, maana huyo hodari hatakuambia anaumwa, ameshazoea kusifiwa.

Mwalimu Mkuu hakunisemesha hadi muhula ukaisha. Nilivumilia. Alikuwa na suti ya Kaunda na hakuwa na ngao, ningekuwa mimi pengine ningenuna zaidi.

Mwaka uliofuata, pamba ikiwa imeshavunwa, Mama Ester alimlaza Kulwa kwenye majani yale yale ya uwanja. Akashika. Akanishika mkono akauweka. Palikuwa laini.

"Mwache acheze," akasema.

Kusema ni rahisi. Nilimweka Kulwa acheze ulinzi kwenye mechi ya kirafiki, na shule dhaifu, mpira nimeupunguza upepo kidogo kwa siri. Doto alikuwa senta. Kulwa alicheza vibaya. Alichelewa kuruka, alikanyaga mistari, alimshika mfungaji wa watu nguo. Mimi nilikuwa natembea mstarini juu na chini, na safari hii hapakuwa na namna ya kusimama mbele yake.

Kisha mtoto mmoja mkubwa wa upande wa pili akatupa pasi kwa nguvu zake zote. Niliuona mpira unakwenda. Ulimpata Kulwa tumboni, kushoto, ukatoa sauti. Akainama. Kila mtu aliacha kucheza, kwa sababu shule nzima ilijua habari za bandama ile. Mama yake alisimama. Nawaambia kweli, mimi niliyeingia viwanja vya watu bila ruhusa, siku hiyo sikuweza kuvuka majivu.

Kulwa akakaa ameinama hivyo. Doto ndiye aliyemfikia kwanza, akainama pia, wakawa vichwa vimegusana. Sijui waliambiana nini. Kisha Kulwa akainuka polepole, akaokota mpira.

Ndipo nikavuka, nikakimbia, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mabega.

"Inauma? Niambie ukweli, mwanangu. Inauma?"

"Inauma, mwalimu," akasema, machozi yanamtoka, na mdomo wote unacheka. "Inauma kama inavyowauma wenzangu."